Mstari Mtupu Kwenye Orodha ya Tour de France

Muulize mfuatiliaji yeyote wa mbio za baiskeli nani alishinda Tour de France ya mwaka 2005, utamwona anameza mate kwanza. Anamjua aliyeingia Paris na jezi ya njano ya mshindi: Mmarekani Lance Armstrong. Anajua pia kwamba jina hilo lilifutwa na halikuandikwa lingine. Orodha ya washindi ikifika 1999 inanyamaza, inakuja kusema tena 2006. Wakati wa vita kuu mbili za dunia orodha hiyo pia ina mapengo, lakini miaka hiyo mbio hazikufanyika. Hizi saba zilifanyika, wiki tatu kila Julai, zaidi ya kilomita elfu tatu kila mwaka, zawadi zikatolewa na nyimbo za taifa zikapigwa. Zote saba Armstrong ndiye aliyefika wa kwanza, ila kimaandishi hakuna aliyeshinda.

Linalochanganya zaidi ni kwamba si kila aliyenaswa ameacha pengo. Floyd Landis alivuliwa ubingwa wa 2006 kwa testosteroni, akapewa Óscar Pereiro. Alberto Contador akanyang'anywa ule wa 2010, ukaenda kwa Andy Schleck. Juan José Cobo alishinda Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mwaka 2011, na mwaka 2019, miaka minane baadaye, taji likahamia kwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akikimbia kwa bendera ya Uingereza. Halafu yupo Bjarne Riis wa Denmark, bingwa wa 1996, ambaye mwaka 2007 alikaa mbele ya waandishi wa habari akakiri kwa mdomo wake kwamba alitumia EPO, dawa ya kuongeza damu. Jina lake bado liko kwenye orodha mpaka leo.

Ukiitazama hivyo utadhani wanaoamua hupiga kura ya karata. Ukweli ni kwamba kuna mambo mawili yanayogongana: muda wa kisheria, na swali la nani yuko nyuma yako.

Tuanze na muda. Kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni zina kikomo cha kufungua kesi. Kilikuwa miaka 8, na tangu 2015 ni miaka 10. Riis alipokiri, miaka 11 ilishapita. Hakuna wa kumgusa. Lance Armstrong naye angeweza kujificha nyuma ya ukuta huohuo kwa ushindi wake wa mwanzo, lakini shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo, USADA, lilijenga hoja kwamba mtu aliyeuficha ukweli kwa uongo na kwa kuwatisha mashahidi hawezi kunufaika na saa aliyoichelewesha mwenyewe. Hoja ikapita. Matokeo yake yote kuanzia Agosti 1998 yakafutwa.

Sasa la pili. Ukishamwondoa wa kwanza, unampandisha nani? Chukua 2005: wa pili alikuwa Ivan Basso, wa tatu Jan Ullrich. Wote wawili walitajwa mwaka uliofuata katika sakata la Madrid, la daktari aliyekutwa na mifuko ya damu za wanamichezo, na wote wawili wakaja kufungiwa. Rudi nyuma mwaka mmojammoja na utakutana na kisa kilekile. USADA iliandika mwaka 2012 kwamba kati ya watu 21 waliopanda jukwaani Paris kuanzia 1999 hadi 2005, watatu wa kwanza wa kila mwaka, 20 wamehusishwa moja kwa moja na matumizi ya dawa. Aliyebaki nje ni Fernando Escartín wa Hispania, wa tatu mwaka 1999. Oktoba 2012 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, likaamua kwamba mataji hayo hayatapewa mtu. Wengine wanauita uamuzi huo woga. Mimi nauona ndio uamuzi wa kweli kuliko yote waliyofanya miaka hiyo, maana pengo lile linaeleza hali ilivyokuwa kuliko jina lolote ambalo lingeandikwa pale.

Ila pengo linaficha kitu pia. Linatufanya tuwatazame walio juu ya orodha tu, waliofutwa na waliorithi. Hasara kubwa ilishuka chini zaidi, kwa watu ambao hawakuwahi kukaribia jukwaa.

Asilimia hamsini

Ili kuelewa jinsi hasara ilivyoshuka, lazima kwanza uelewe dawa yenyewe. Kabla ya miaka ya 1990 waendesha baiskeli walitumia zaidi vichangamshi vya kuondoa uchovu. Tom Simpson wa Uingereza alikufa navyo mwilini akipanda Mont Ventoux kwenye joto kali, Julai 1967. Vichangamshi vilikuwa hatari, lakini havikumgeuza farasi wa mkokoteni kuwa farasi wa mashindano.

EPO ilikuwa kitu kingine. Ni homoni ambayo figo huitengeneza yenyewe kuuagiza mwili uongeze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ilipoanza kutengenezwa maabara mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikusudiwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mwenye afya akijidunga, damu inakuwa nzito, oksijeni inafika kwa wingi misulini, na mlima uliokuwa unamaliza pumzi unapandika. Kwa muda mrefu hakukuwa na kipimo cha kuinasa. Kilianza kutumika mwaka 2000 na 2001.

Kwa kukosa kipimo, mwaka 1997 UCI iliweka dari. Mwanamume mwenye afya huwa na chembe nyekundu karibu asilimia 40 hadi 50 ya ujazo wa damu yake. Ikapangwa kwamba atakayezidi 50 apumzishwe kwa siku 15, kwa ajili ya afya yake, bila kuitwa mkosaji. Nia ilikuwa njema. Kilichotokea ni kwamba dari liligeuka shabaha. Timu zikabeba mashine ndogo za kupimia damu hotelini, na kila mtu akapelekwa karibu na 50 bila kuivuka. Akionekana kuzidi, anawekewa dripu ya maji ya chumvi haraka haraka damu iwe nyepesi. Kwenye ushahidi uliokusanywa na USADA kuna kisa cha mashindano ya dunia ya 1998 kule Uholanzi: wapimaji wamefika, na daktari wa timu anapita mbele yao akiwa na mfuko wa lita nzima ya maji ya chumvi ameuficha chini ya koti la mvua, anaingia chumbani kwa Armstrong.

Hapa ndipo unapovunjika ule utetezi unaosikika kila siku, kwamba kama wote walitumia basi uwanja ulikuwa sawa. Hebu fikiria wawili. Mmoja kazaliwa na 48, mwingine na 40. Dari ni 50. Wa kwanza dawa inampa nyongeza kidogo sana; wa pili inampa nyongeza kubwa. Yule aliyejaliwa na maumbile anapoteza faida yake yote. Ongeza kwamba kuna mwili unaoipokea dawa vizuri na mwili usioipokea, kuna mwenye daktari bingwa na mwenye kubahatisha, kuna mwenye pesa na asiye nazo. Matokeo ya miaka ile hayatuambii nani alikuwa mkimbiaji bora, hata ukikubali kuwafuta wote kwa pamoja.

Mkate na maji

Julai 1998, siku chache kabla ya Tour kuanza, forodha wa Ufaransa walisimamisha gari la timu ya Festina karibu na mpaka wa Ubelgiji. Aliyeendesha alikuwa Willy Voet, mkandaji wa timu. Ndani walikuta shehena ya EPO, homoni za ukuaji, testosteroni na vichangamshi. Timu ilifukuzwa mashindanoni, polisi wakapekua hoteli moja baada ya nyingine, na waendeshaji wakagoma barabarani wakilalamika kwamba wanatendewa kama wahalifu. Waliofika Paris walikuwa 96 kati ya 189 walioanza. Kutokana na fedheha hiyo, mwaka uliofuata likaundwa shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, WADA.

Ndani ya Festina alikuwemo kijana mmoja, Christophe Bassons, ambaye wenzake walipohojiwa na polisi walisema yeye hatumii. Kwenye msafara, yaani kundi kubwa la waendeshaji, kulikuwa na msemo wa Kihispania kwa watu wa aina hiyo: wanakimbia kwa mkate na maji. Haukuwa msemo wa sifa. Mwaka 1999, akiwa timu nyingine, Bassons aliandika gazetini kwamba kasi ya Tour ile inashangaza. Siku hizohizo Armstrong akamsogelea wakiwa kwenye baiskeli, akamwambia kama anafikiri hivyo ni bora aende nyumbani. Wenzake wakamsusa. Kabla mbio hazijaisha akafungasha, na mwaka 2001 aliacha kabisa.

Kisa cha Filippo Simeoni kinaonyesha jambo hilo kwa karibu zaidi, na kilionekana na dunia nzima. Mwitaliano huyu alikuwa amekiri kutumia dawa, akafungiwa, kisha akatoa ushahidi mahakamani dhidi ya daktari Michele Ferrari, mshauri wa Armstrong. Tarehe 23 Julai 2004, Tour ikiwa imebakiza siku mbili, Simeoni alichomoka kulifukuzia kundi dogo lililokuwa mbele. Lilikuwa kundi lisilo na tishio kwa mtu yeyote. Mwenye jezi ya njano, ambaye kwa desturi humwacha mtu kama huyo aende zake, akachomoka naye, akamgandia gurudumu la nyuma. Maana yake kila mtu aliielewa: maadamu Armstrong yuko hapo, msafara wote utalifukuza kundi hilo. Vicente García Acosta, aliyekuwa kundini, akamwomba Simeoni arudi ili wao waponee. Simeoni akarudi. Alipopitwa na msafara, baadhi ya wenzake wakamtukana, na Armstrong akionekana kwenye kamera akapitisha vidole midomoni kama mtu anayefunga zipu. Mwaka 2008 Simeoni akawa bingwa wa Italia. Timu yake ilipokosa kualikwa kwenye Giro d'Italia, mbio kubwa za nchi yake, mwaka 2009, aliirudisha jezi ya ubingwa kwa shirikisho.

Watu kama hawa hawamo kwenye hesabu ya mataji. Hakuna mahakama iliyomlipa Bassons miaka aliyopoteza. Na wapo wengi ambao hatutawajua kamwe: kijana aliyekuwa wa kwanza kijijini kwao na mkoani kwao, akafika kwa wakubwa, akaona kinachotakiwa, akarudi kufanya kazi nyingine. Pereiro alipewa taji lake, Schleck alikabidhiwa jezi ya njano Mei 2012 kwenye hafla ndogo kwao Luxembourg, karibu miaka miwili baada ya umati wa Paris kutawanyika. Aliyeacha kabla ya kuanza hana hafla.

Pesa inapokimbia

Mchezo huu una udhaifu mmoja wa kimaumbile: hauna lango. Barabara ni ya bure, hakuna tiketi, na timu hazigawiwi pesa ya maana ya matangazo ya televisheni. Hiyo hubaki kwa waandaaji. Timu inaishi kwa mdhamini, na jina la timu ndilo jina la mdhamini. Kwa hiyo kashfa ikimgusa mkimbiaji mmoja, inaligusa jina la kampuni lililoandikwa kifuani mwa wote. Mdhamini akijitoa, wanaokosa mshahara ni pamoja na fundi wa baiskeli, mpishi, dereva wa basi na vijana wawili watatu ambao ndio kwanza wamesaini.

Ujerumani ndiko moto uliunguza zaidi. Ullrich alikuwa ameifanya nchi nzima iipende baiskeli aliposhinda Tour ya 1997. Baada ya yeye kuondolewa mbioni 2006 kwa sakata lile la Madrid, mambo yakaanguka mfululizo. Katikati ya Tour ya 2007 vituo vya umma vya ARD na ZDF vilikata matangazo baada ya Patrik Sinkewitz wa T-Mobile kupatikana na testosteroni. Novemba mwaka huo T-Mobile ikajitoa. Timu ya Gerolsteiner ikafungwa mwisho wa 2008. Mashindano ya kuzunguka Ujerumani yalifutwa 2009 na hayakurudi mpaka 2018. Kizazi kizima cha waendeshaji Wajerumani kilikuja kushinda hatua kadhaa za Tour, yaani mbio za siku mojamoja, huku kwao wakiwa hawatangazwi na televisheni ya taifa. Uholanzi nako, benki ya Rabobank iliyokuwa imedhamini timu kwa miaka 17 ilijitoa siku chache baada ya ripoti ya USADA kuhusu Armstrong kutoka.

Armstrong mwenyewe aliachwa na Nike na wengine ndani ya wiki moja. Kampuni ya SCA, iliyokuwa imemlipa bonasi za ushindi, ikaamuliwa ilipwe naye dola milioni 10 mwaka 2015. Ila kesi iliyonivutia kuliko zote ni ya Landis. Huyu, alipokuwa akijitetea, aliwachangisha mashabiki pesa akiwaapia kuwa hana hatia, na baadaye ikabidi aahidi kuwarudishia karibu dola 478,000. Mwaka 2010 aligeuka mtoa siri, akafungua kesi kwa niaba ya serikali ya Marekani, kwa kuwa mdhamini wa timu yao alikuwa shirika la posta la nchi hiyo, lililotoa takriban dola milioni 32. Mwaka 2018 Armstrong alikubali kulipa milioni 5 kesi iishe. Kwa mujibu wa sheria ya watoa siri, Landis akapata milioni 1.1. Mwenye kupenda haki nyoofu atakuna kichwa hapo, lakini bila Landis kufungua mdomo huenda tungekuwa bado tunahesabu mataji saba.

Adhabu pia zilipishana. Wenzake Armstrong waliotoa ushahidi wakiwa bado wanakimbia walifungiwa miezi sita tu, tena kuanzia Septemba, msimu ukielekea ukingoni. Yeye alifungiwa maisha. Alejandro Valverde alifungiwa miaka miwili, akarudi, na mwaka 2018 akawa bingwa wa dunia. Alexander Vinokourov, aliyenaswa 2007 akiwa na damu ya mtu mwingine mwilini, alirudi akashinda dhahabu ya Olimpiki 2012, leo ni bosi wa timu ya Astana.

Nyayo badala ya mwizi

Mageuzi yalikuja, na ni haki kusema mchezo huu ulijipima kuliko mingine mingi. Mwaka 2008 UCI ilianzisha pasipoti ya kibayolojia. Wazo lake ni rahisi: badala ya kutafuta dawa, ambayo hutoweka haraka, unatafuta nyayo zake kwenye damu. Kila mwendeshaji hupimwa mara kwa mara na kuwekewa kiwango chake mwenyewe. Aliyejidunga EPO ataonyesha chembe changa nyingi kuliko kawaida yake. Aliyejiongezea damu iliyohifadhiwa ataonyesha chembe nyingi lakini changa chache, kwa sababu mwili ukishahisi damu imejaa huacha kutengeneza nyingine. Wataalamu husoma michoro hiyo bila kujua jina la mwenyewe. Cobo alianguka hivyo, bila kichupa wala sindano kuonekana.

Sambamba na hilo kuna wajibu wa kusema uko wapi: saa moja ya kila siku ambayo wapimaji wanaweza kukukuta mahali ulipoandika. Aliyelijua hilo kwa uchungu ni Michael Rasmussen. Julai 2007 alikuwa na jezi ya njano na ametoka kushinda mlimani Aubisque. Usiku huohuo timu yake ya Rabobank ikamfukuza, kwa kuwa alidai alikuwa Mexico kabla ya mbio wakati ameonekana akifanya mazoezi Italia.

Pasipoti ilibana njia ila haikuifunga. Tume huru iliyochunguza mchezo huu ilisema kwenye ripoti yake ya Machi 2015 kwamba dozi zimekuwa ndogo sana, zikidungwa kwa namna isiyotikisa michoro. Mmoja wa waliohojiwa alikadiria asilimia 90 ya msafara bado inatumia, mwingine akasema 20. Tofauti hiyo ya makadirio ndiyo urithi wenyewe: hata walio ndani hawajui. Na asiyejua hushuku. Mwezi Julai mwaka huohuo, Froome alisema mtazamaji alimrushia mkojo akimwita mtumia dawa. Siku hizi anayepanda mlima kwa kasi kuliko Armstrong na Marco Pantani, bingwa wa 1998, hupigwa maswali jioni hiyohiyo, kwa kosa la kuzaliwa baada yao.

Na yapo ambayo hayatajulikana hata yakiwa yamewekwa mezani. Mei 2006 polisi wa Hispania walivamia maficho ya daktari Eufemiano Fuentes jijini Madrid wakakuta zaidi ya mifuko 200 ya damu, imeandikwa majina ya siri. Mmoja uliandikwa Birillo, jina la mbwa wa Basso. Mwingine ulikuwa na neno Piti, jina la mbwa wa Valverde. Waitaliano walimpata kwa kuulinganisha na damu aliyopimwa Tour ya 2008 ilipoingia nchini mwao. Mwaka 2013 jaji aliamuru mifuko iliyobaki iharibiwe. Rufaa ikakatwa. Juni 2016 mahakama ikamwachia huru Fuentes na kuamuru mifuko ikabidhiwe kwa wasimamizi wa michezo. Miaka 10 ya kufungua kesi ilikuwa imeisha mwezi mmoja kabla. WADA ilipima, ikawatambua baadhi ya wenyewe, na mwaka 2019 ikasema muda umekwisha. Majina hayakutolewa.